Kuchora na kufinyanga na watoto nyumbani: kaa chini na wewe ufanye yako

Nianze na kosa langu maana ndo lililonifundisha. Mwanzoni nilikuwa nawawekea wanangu karatasi na kalamu za rangi alafu mi nakimbilia jikoni, najua nimepata nusu saa ya kupika kwa amani. Wapi! Dakika tano haziishi huyu kamnyang'anya mwenzie ya bluu, yule kashachora ukuta, na ukuta wenyewe wa mwenye nyumba. Siku moja umeme ukakatika, simu haina chaji, nikajikuta nimekaa nao mkekani na mi nikachukua karatasi nikaanza kuchora kuku. Sijachora tangu shule ya msingi, kuku akatoka kama birika. Ila watoto walitulia, yaani karibu saa zima kila mtu kainamia yake. Tangu siku hiyo sisimamii tena, nakaa na mimi nafanya yangu.

Wakwangu mkubwa ni wa kike ana miaka 5, mdogo wa kiume miwili na nusu, na huyo mdogo kila kitu kinaenda mdomoni. Kwa hiyo shanga, maharage, vifungo na vifuniko vya soda kwetu havitoki kwanza, hivyo subiri mtoto avuke miaka mitatu na bado uwe unamwangalia.

Muda wetu ni Jumamosi asubuhi kabla hawajaoga, ukiwaogesha kwanza umejitafutia kazi mara mbili. Tunakaa kibarazani kwenye mkeka ule ambao hata ukiharibika roho haiumi, wanavaa tisheti za zamani za baba yao zinafika mpaka miguuni, na beseni la maji ya kunawa pamoja na kitambaa unaviweka pale pale KABLA hamjaanza. Usidharau hilo la beseni. Mkono ukishajaa unga mpaka kwenye kiwiko alafu mtoto aanze kutafuta bomba, kila mlango na kila kochi litapata alama yake.

Unga wa kuchezea

Huu wa dukani ni bei na unakauka haraka, tengeneza mwenyewe. Unga wa ngano kikombe 1, chumvi nusu kikombe, maji kikombe 1, mafuta ya kula kijiko kimoja kikubwa, na maji ya limao vijiko viwili vikubwa. Changanya vyote vikiwa baridi kwenye sufuria mpaka mabonge yaishe, ndo uweke jikoni moto mdogo, shika mwiko na uanze kusonga. Ukijua kusonga ugali hapa huna cha kufundishwa, utaona unaanza kuvuta, unaachia sufuria, unakuwa bonge moja. Epua, acha upoe, alafu ukande mpaka ulainike. Kama unanata mkononi ongeza unga kidogo, ukipasuka pasuka ongeza tone la mafuta. Weka kwenye kopo lenye mfuniko, wiki mbili unadumu, ila ukianza kunuka au kuota ukungu tupa usihurumie. Na mtoto asiule, una chumvi nyingi sana. Wangu alionja mara moja tu, ule uso aliokunja ulitosha kuwa somo.

Hapo sasa kila mtu na bonge lake. Mi nafinyanga masufuria, mkubwa anafinyanga chapati, anazisukuma na chupa, mdogo anapiga piga tu bonge lake kwa ngumi na hiyo ndo sanaa yake, mwache.

Rangi za jikoni, na singlendi iliyotuaibisha

Rangi ya mafuta ya kupaka milango usiwape kabisa, harufu yake tu inaumiza na kuitoa kwenye ngozi ni kazi. Jikoni kuna za kutosha. Bitiruti ukiichemsha unapata pinki iliyokolea, mkaa ukiusaga na maji kidogo unapata nyeusi nzuri sana, mchicha ukiutwanga unapata kijani hafifu. Na bizari ya manjano, hiyo ndo nataka niielezee vizuri.

Siku ya kwanza mdogo alijimwagia maji ya bizari kwenye singlendi nyeupe. Nikaona rahisi, nikapaka sabuni ya mche, doa lote likageuka jekundu hapo hapo, dada anayenisaidia kazi akapiga ukelele anajua mtoto kajikata. Kumbe bizari ndo ilivyo, ikikutana na sabuni au magadi inageuka nyekundu, ikikutana na limao inarudi njano. Basi wiki iliyofuata nikaugeuza mchezo: paka maji ya bizari mazito kwenye karatasi nyeupe, anika ikauke kabisa, alafu mpe mtoto pamba aichovye kwenye maji yenye sabuni ya mche nyingi achoree juu yake. Mstari unatokea mwekundu mbele ya macho yake. Mpe na kipande cha limao awe anafuta. Mkubwa alirudia huo mchezo mpaka limao zikaisha, mchana tukala samaki bila limao. (Singlendi niliianika juani siku kadhaa, bizari inapauka na jua, doa halikuisha lote ila inavalika ndani.)

Gundi nayo usinunue. Vijiko viwili vya unga wa ngano, koroga na nusu kikombe cha maji baridi, pika mpaka iwe uji mzito. Hiyo hiyo tuliyokuwa tunagandishia tiara tulipokuwa wadogo. Inashika karatasi na maboksi vizuri kabisa, ila pika ya siku hiyo tu, kesho itakuwa imechacha.

Kanga ya karatasi

Hii ndo naipenda kuliko zote. Chukua karatasi kubwa, hata ya kalenda ya mwaka jana upande wa nyuma. Mwonyeshe mtoto kanga yako halisi, itandazeni chini muiangalie: huu unaozunguka kote ni pindo, hapa katikati ni mji, na hapa chini ni jina, yale maneno yake. Watoto wameona kanga tangu wanabebwa mgongoni ila wangu alikuwa hajawahi kuitazama hivi, akaniuliza kwa nini kanga ya bibi inasema kitu kimoja na yangu inasema kingine. Tukakaa tunasoma kanga zote za kabatini, nusu saa ikaenda na kuna majina mawili ilibidi nimdanganye maana yake.

Sasa mihuri ya kupigia pindo. Chukua bamia iliyokomaa ile ngumu ambayo hata kwenye mlenda haifai, ikate katikati kwa upana, ukiichovya kwenye rangi na kugandamiza unapata ua dogo lenye pembe, bila kuchonga chochote. Kitunguu ukikikata kinatoa duara ndani ya duara. Kiazi ndo kinataka kuchongwa, hapo kisu ushike wewe, na kwa kanga lile umbo la korosho linalopenda kukaa kwenye pembe ni rahisi kuchonga. Futa maji ya kiazi na kitambaa kwanza la sivyo rangi inateleza. Rangi iwe nzito kama uji, usimwagie kwenye bakuli, ipake kwenye kipande cha sponji mtoto awe anagandamiza hapo kwanza kama anavyogonga mhuri karani wa ofisini.

Mdogo tulimpa mji, akapiga kiganja chake katikati mara tatu, basi. Mkubwa akapiga pindo lote, upande mmoja limenyooka na upande mwingine limepanda mlima. Alafu jina. Hajui kuandika bado kwa hiyo ananitajia mimi naandika, na hapa ushauri wangu andika neno kwa neno kama alivyosema usimpambie. Yeye alisema MAMA USINILIE CHIPSI ZANGU. Kanga inauzwa doti, vipande viwili, kwa hiyo na mimi nilitengeneza changu, nikaandika SINA MUDA WA UMBEA NAKATA BAMIA.

Ukiona kanga imewazidi jaribuni mnyama mmoja mkubwa kwa mtindo wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka hapa Dar mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao za dari, na mpangilio wake mtoto anauweza: paka rangi moja karatasi nzima, acha ikauke, mnyama mmoja achukue nafasi yote, alafu nukta nukta. Nukta pigeni na kichwa cha njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwashwa. Kusubiri rangi ya chini ikauke ndo mtihani wenyewe, tumieni muda huo kunywa chai.

Mkono wako usivuke kwenye karatasi yake

Mkubwa alichora nyumba yetu, mi kwa kimbelembele nikamwongezea dirisha. Alilia. "Hilo dirisha hatuna!" Na kweli, upande ule hatuna dirisha. Siku hizi nikiwashwa kurekebisha nakumbuka nina karatasi yangu. Wala siulizi "hii ni nini", maana nilimuuliza mdogo akaniangalia kama mi ndo mjinga, nasema tu "nihadithie" na hadithi inakuja yenyewe, simba kala daladala na kadhalika.

Tatizo lingine ni mtoto akiona yako nzuri anaacha yake, anaanza "mama nichoree wewe". Dawa yake chora kwa mkono wa kushoto. Ng'ombe wangu wa mkono wa kushoto walimchekesha mpaka akaona wake ni afadhali, akachukua kalamu akaendelea.

Mkimaliza kazi zote zinaning'inizwa na vibanio kwenye kamba ya nguo, wiki moja, alafu mtoto anachagua moja ya kumpelekea bibi. Zilizobaki geuza nyuma mchore tena. Unga uliogandia mkekani usiufute na maji mtausambaza, acha ukauke mpaka jioni, alafu kunja mkeka uukung'ute nje kwa nguvu.