Maji ya Moto na Umeme Ndani ya Karavani: Vipangie Zamu

Katika karavani, yaani nyumba ya magurudumu, umeme hukatika zaidi pale hita ya maji inapowashwa huku kifaa kingine kizito kinafanya kazi. Taa na chaja za simu hazina shida. Kinachomaliza umeme ni vitu vya kupasha na kupooza: hita, birika, jiko, kiyoyozi. Ndiyo maana tunaanza na hesabu kabla ya kufika bafuni.

Hatua ya 1: Jua kikomo chako

Zidisha volti kwa ampea, utapata wati. Kwenye kambi za Ulaya, soketi ya volti 230 yenye ampea 6 inakupa wati 1,380 tu. Ya ampea 16 inakupa 3,680. Marekani, soketi ya ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600. Sasa soma kibandiko cha kila kifaa, andika wati zake kwenye karatasi, uibandike karibu na breka. Usikadirie kwa macho: birika dogo linaweza kula umeme kuliko friji.

Waya wa kuunganishia nje uwe mnene wa kutosha, na ukunjue wote. Waya uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake hupata moto na unaweza kuyeyuka.

Hatua ya 2: Jaza tangi kwanza

Fungua bomba la maji ya moto mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Hapo ndipo uwashe hita. Koili, yaani waya unaopasha maji kwa umeme, ikiwashwa ndani ya tangi kavu huungua upesi sana, na haitengenezeki, unanunua nyingine.

Hatua ya 3: Pasha kwa zamu

Chukua tangi la lita 23. Kutoa maji hayo nyuzi 15 hadi 60 kunahitaji takriban wati-saa 1,200. Koili ya wati 1,400 itachukua kama dakika 50. Katika muda huo, birika na maikrowevu vingoje, na kiyoyozi pia kama soketi ni ndogo. Maji yakishapata moto, zima. Tangi lililofunikwa vizuri hutunza joto kwa saa kadhaa, kwa hiyo sioni sababu ya kuacha hita ikiwaka mchana kutwa.

Hatua ya 4: Oga kwa hesabu

Lita 23 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji baridi hutoa kama lita 41 za kuogea, nyuzi 40. Shawa ya lita 6 kwa dakika inazimaliza kabla dakika 7 hazijaisha. Lowa, funga, jipake sabuni, fungua, jisuuze. Ukifanya hivyo, watu wawili wataoga bila kugombana. Maji baridi yanayotangulia yakinge kwenye ndoo, yatafaa chooni. Yakiachwa yanajaza tangi la maji machafu bure.

Kama kuna watoto, fungua baridi kwanza kila mara. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.

Hatua ya 5: Bila soketi, tumia gesi

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, tumia nusu tu, la sivyo inakufa mapema. Yaani kupasha tangi moja kungehitaji betri mbili za namna hiyo. Iachie betri taa, pampu na feni. Maji yapashwe kwa gesi. Hakikisha swichi ya koili imezimwa kabla ya kuwasha inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi), maana inveta kubwa inaweza kulisha koili bila wewe kujua mpaka betri iishe.

Tundu la moshi la hita lisizibwe na chochote, na kitambuzi cha kaboni monoksidi kiwe kinafanya kazi. Hapa sina mjadala: kaboni monoksidi ni gesi isiyo na harufu, na inaua.

Hatua ya 6: Kumwaga tangi

Zima hita, gesi na umeme. Subiri maji yapoe kabisa. Zima pampu, funga maji yanayoingia, kisha fungua bomba la moto ili shinikizo litoke, ndipo ufungue kizibo. Tangi la chuma huwa na kijiti, mara nyingi cha magnesi, kinacholiwa na kutu badala ya tangi lenyewe. Kikibaki robo, weka kipya.