Kabla ya kuukata mti "uliokufa", ukwaruze kwanza

Juma la Pasaka nilikuwa na panga mkononi, naukata mlimau wa uani uliopukutika majani yote tangu kiangazi, jirani akanizuia. Kwaruza gome la kitawi kwa ukucha, alama ndogo tu ya punje ya mchele. Ukiona kijani chenye unyevu, mti u hai, maana utando unaoukuza uko hapo hapo chini ya gome. Ukiona kahawia iliyokauka, usikate tamaa: shuka kwenye tawi nene, kisha shina, mpaka karibu na ardhi. Kwa ukame, matawi hukauka kuanzia nchani. Wangu ulikuwa mkavu hadi usawa wa kiuno. Nikakata hapo, nikamwagilia, sasa una machipukizi matatu. (Ayubu wa kwenye Biblia naye alisema mti uliokatwa una tumaini la kuchipuka. Mimi nilihitaji ukucha kuamini.) Usikwaruze kuzunguka shina zima, utauua mwenyewe. Ila kijani si uhakika kamili: tawi lililovunjika jana nalo bado ni kijani, na mizizi ikiwa imeoza kijani hakikusaidii. Kwa mnazi usijisumbue: kilele kikifa, basi.