Ndoo ya mchanga kwa kinyonga anayetaka kutaga
Kinyonga jike anapoanza kushuka chini na kukwaruza sakafu ya kizimba, mwekee ndoo yenye mchanga wa unyevu, kina cha sentimita 30 hivi, kisha ufunike kizimba kwa kitenge, kwa sababu akiona anatazamwa huliacha shimo na kubaki na mayai tumboni (nilichungulia mara mbili, akaacha mara mbili). Hapa Goma usitumie changarawe nyeusi ya volkeno, maana shimo litamporomokea. Mchanga ufaao ni ule unaoufumbata ukabaki donge bila kuchuruza maji. Ndoo haina kazi kwa vinyonga wa milimani wanaozaa watoto hai, wala haimwokoi aliyekwisha kulegea na kufumba macho mchana: huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.