Kufaili ritani ya KRA baada ya kandarasi ya miezi michache Uingereza

Somo hili linamhusu Mkenya aliyekwenda Uingereza kwa kandarasi ya muda, akalipwa na mwajiri wa huko, akakatwa kodi huko huko, kisha akarudi. Wengi wakifika Juni hufaili kwa KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya) ritani ya nil, yaani ya kusema hawakuwa na mapato, kwa hoja kwamba kodi walishalipa. Kwa mkaazi wa Kenya hiyo si hoja. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinauhesabu mshahara wa mkaazi kuwa mapato ya Kenya, awe ameufanyia kazi Nakuru au Manchester. Kodi aliyolipa huko hupunguza deni la hapa, haifuti wajibu wa kutangaza.

Hatua ya 1: Hakikisha kama ulikuwa mkaazi mwaka huo

Mwaka wa kodi Kenya ni Januari hadi Desemba. Kama una makao ya kudumu Kenya, kukanyaga nchini hata siku moja ndani ya mwaka kunakufanya mkaazi wa mwaka huo. Hapa ndipo watu wanapojikwaa, kwa sababu wamesikia habari za siku 183 na kudhani ndicho kipimo pekee. Siku 183 ni za yule asiye na makao ya kudumu hapa. Naye pia anaweza kunaswa na kipimo cha tatu: kuwepo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka. Toa pasipoti, hesabu mihuri, andika tarehe za kutoka na kuingia.

Hatua ya 2: Maliza hesabu ya Uingereza kwanza

Usifungue iTax, tovuti ya KRA ya kufaili, kabla ya hapa. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili, na kiasi kisichotozwa kodi, pauni 12,570, hugawanywa kwa miezi 12. Ukiondoka katikati ya mwaka, mwajiri anakuwa amekupa sehemu tu ya kiasi hicho, kwa hiyo amekukata kupita kiasi.

Chukua mtu aliyelipwa pauni 2,200 kwa mwezi, Mei hadi Novemba 2024. Jumla ni pauni 15,400. Novemba ni mwezi wa 8 wa mwaka wa kodi ulioanza Aprili, kwa hiyo hadi malipo ya Novemba ameshapewa miezi 8 ya nafuu hiyo ya kutotozwa, yaani pauni 8,380. Zilizobaki, 7,020, zimekatwa asilimia 20: pauni 1,404. Lakini kwa mwaka mzima, akiwa hana mapato mengine huko, anastahili nafuu yote 12,570. Kodi yake halisi ni asilimia 20 ya 2,830, yaani pauni 566. Pauni 838 ni zake, HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) inapaswa kumrudishia.

Anazidai kwa fomu P85, ya watu wanaoondoka Uingereza. Akiituma kwa posta aambatanishe sehemu ya 2 na ya 3 za P45, hati ya kuacha kazi aliyopewa na mwajiri, na abaki na sehemu ya 1A. Usihangaike kutafuta P60, hati ya mshahara na kodi ya mwaka mzima; hiyo hupewa aliyekuwa bado kazini tarehe 5 Aprili.

Mbona haya ni muhimu kwa KRA? Kwa sababu kodi unayoruhusiwa kuiondoa Kenya ni ile iliyobaki mikononi mwa Uingereza. Ukiandika 1,404 na huku umerudishiwa 838, umedai nafuu ya pesa iliyo mfukoni mwako. Makato ya National Insurance (mchango wa hifadhi ya jamii) nayo yaache nje kabisa. Yanaonekana kwenye hati ya mshahara kando ya kodi, ila si kodi ya mapato.

Hatua ya 3: Geuza kuwa shilingi

Tumia kiwango cha wastani cha Benki Kuu ya Kenya cha siku uliyolipwa, mwezi kwa mwezi, na uhifadhi nakala ya viwango hivyo. Usitumie kiwango ulichopewa na kampuni ya kutuma pesa, kwani hicho kina faida yao ndani. Geuza mshahara kabla ya makato, si ule ulioingia benki. Pango la nyumba na nauli ulizolipa huko huziondoi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya Kenya

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na 5,612,000 zinazofuata asilimia 30. Tuseme pauni moja ni shilingi 165 na mtu wetu hakuwa na mapato mengine mwaka huo:

Mapato: 15,400 × 165 = 2,541,000
Kodi: 28,800 + 25,000 + 645,900 = 699,700
Toa nafuu ya kibinafsi 28,800: inabaki 670,900
Toa kodi ya Uingereza, 566 × 165 = 93,390
Salio la kulipa: 577,510

Ndiyo, ni pesa nyingi, na ndiyo maana inafaa kuiweka kando mapema badala ya kushtukia mwaka unaofuata. Uingereza haitozi kitu pauni 12,570 za kwanza, Kenya inaanza kutoza asilimia 30 baada ya shilingi 388,000. Kama ulifanya kazi Kenya kabla ya kuondoka, jumlisha humo humo mapato ya P9, fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka. Nafuu ya 28,800 ni moja kwa mwaka, haihesabiwi mara mbili.

Hatua ya 5: Jaza na upakie

Pakua faili ya IT1 ya mkaazi (fomu ya Excel ya ritani ya mtu binafsi) kutoka iTax na uruhusu makro, yaani programu ndogo zilizo ndani yake, la sivyo vitufe havifanyi kazi. Kwenye ukurasa wa kwanza, swali la kama una mapato kutoka nchi ya nje jibu ndiyo, maana ukijibu hapana, mahali pa kuweka kodi ya ng'ambo hapafunguki. Bonyeza Validate, pata faili ya zip, ipakie, kisha hifadhi risiti. Malipo unayafanya kwa PRN, namba ya malipo unayoitoa iTax, kupitia benki au M-Pesa.

Salio hulipwa kufikia 30 Aprili, ritani kufikia 30 Juni. Tarehe hizi mbili huchanganywa kila mwaka. Kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya deni pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kwa mtu wetu adhabu ni 28,875.50 na riba 5,775.10 kila mwezi. Kuchelewa kufaili ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kubwa kati ya hizo. Nyaraka zitunze miaka 5.

Maswali ya wanachama

*Hamjambo. Dada yangu yuko Qatar, mshahara wa huko haukatwi kodi. Alikuja likizo wiki tatu Agosti. Anadaiwa?*

Hatujambo. Kama ana makao ya kudumu Kenya, wiki tatu hizo zinatosha kumfanya mkaazi, na kwa kuwa Qatar haikumkata chochote, hakuna cha kuondoa. Anadaiwa kodi nzima. Kama nyumba aliachia, vitu akauza na likizo akalala kwa wazazi, kuna hoja ya kusema hana makao ya kudumu. Lakini KRA hutazama pia nyumba iliyo wazi kwake kuishi, kwa hiyo atunze barua ya kuachia nyumba. Mwaka ambao hakukanyaga Kenya kabisa si mkaazi, na mshahara wa mwajiri wa Qatar hautozwi hapa. Ritani ya mwaka huo bado anafaili maadamu wajibu upo kwenye PIN yake, namba yake ya mlipakodi.

*Mwalimu, mimi nilitumwa Kampala na kampuni ya Nairobi, mwaka mzima sikurudi. Mimi si mkaazi, sivyo?*

Huenda si mkaazi, ila haikusaidii. Mwajiri akiwa mkaazi wa Kenya, mshahara anaokulipa ni mapato ya Kenya hata kwako usiye mkaazi. PAYE, kodi anayokata mwajiri kwenye mshahara, inaendelea kukatwa Nairobi. Nafuu ya kibinafsi, hata hivyo, ni ya mkaazi pekee.

*HMRC hawajanirudishia na Juni ndiyo hii. Niandike ipi, 1,404 au 566?*

566. Ndiyo kodi unayodaiwa Uingereza kisheria, ziada ni deni lao kwako. Ambatanisha hesabu na nakala ya P85.

*Mwaka jana nilifaili nil. Nimechelewa?*

Hapana. Ingia iTax uombe kurekebisha ritani ile. Muda ni miaka 5. Riba inahesabiwa kuanzia tarehe ya kulipa iliyopita, kwa hiyo lipa hata sehemu leo kabla ya marekebisho kukubaliwa.