Mafuta ya mgando yasiyonata: jinsi ya kutumia nta ya silikoni

Nta ya nyuki ikizidi, mafuta huvutika kidoleni na midomo hubaki inanata. Ukitia nta kidogo ya silikoni, yaani nta ya kutengenezwa kiwandani, yanateleza. Lakini nta hizi hazifanani hata kidogo, kwa hiyo anzia dukani.

1. Soma jina kamili na joto la kuyeyuka kabla hujalipa. Stearili dimethikoni huyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hivi za Selsiasi. Ukiishika tu, inalainika. Hiyo inaleta mteleze, haikazi kitu. Alkili methikoni ya C30-45 huyeyuka juu ya nyuzi 60. Hiyo inakaza, na inazuia unyevu wa ngozi usipotee. Usikubali kuuziwa dimethikoni ya kimiminika, isiyo nta, kama mbadala. Haipatani na mafuta ya mimea, itajitenga.

2. Pima kwa mizani, usipime kwa kijiko. Kwa gramu 100: siagi ya shea 30, mafuta ya nyonyo 24, mafuta ya nazi 22, nta ya nyuki 18, stearili dimethikoni 5, vitamini E 1.

3. Yeyusha. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, utie nta ya nyuki na mafuta ya nyonyo kwanza. Yakifika nyuzi 70 hadi 75, ongeza vingine vyote isipokuwa vitamini E. Koroga polepole mpaka uone hadi chini ya bakuli bila ukungu wala michirizi. Epua, tia vitamini E, mimina kwenye vikopo vikavu. Vipoze haraka kwenye friji, maana shea ikipoa taratibu hufanya chengachenga.

4. Jaribu joto. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayoamua kama mteja wa Tanga au Mombasa atarudi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24, kwa hiyo huko nta ya nyuki ndiyo inayobeba kazi. Siku ya pili, weka kikopo kilichofungwa ndani ya maji ya nyuzi 40 kwa saa moja. Kikilegea mno, punguza mafuta ya nyonyo gramu 2, uongeze nta ya nyuki gramu 2. Usiongeze stearili dimethikoni: kwenye joto hilo yenyewe imeshayeyuka. Ukitaka silikoni ikaze, badilisha gramu 2 kati ya zile 5 uweke ya C30-45, kisha rudia jaribio.

Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha, haiui vijidudu. Tone la maji lisiingie.