Kulala hemani kando ya Bwawa la Mtera

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Iringa, fika Mtera jua lingali juu. Pitia kwanza ofisi ya kijiji ujitambulishe, uulize viboko hupandia wapi. Hilo usilifanyie mzaha. Usiku hutoka majini kula majani, na hupenda kurudia njia ileile: utaona ardhi imekanyagwa hadi ikaingia ndani, nyasi fupi kama zimefyekwa, mavi yametapakaa vichakani. Hema lipeleke mbali, mwinukoni, na kamwe usikae kati ya njia hiyo na maji. Maji ya kuoshea vyombo chota bombani kijijini. Bwawani kuna mamba.

Ardhi ya huku ni kavu na ngumu, vigingi vya plastiki vitakuvunjikia mkononi. Beba misumari mirefu na nyundo. Fagia miiba ya migunga kabla ya kutandika turubai. Julai upepo ni mkali na usiku una baridi ya kweli, kwa hiyo mlango uupe upepo kisogo, na shuka pekee halitoshi.

Perege nunua kwa wavuvi asubuhi. Mimi sibebi viungo vingi: chumvi, ndimu, mafuta, basi. Utumbo na magamba zika mbali na hema, fisi wasije.