Malindi hadi Miritini: maua asubuhi, stesheni mchana

Mkipanga kuwapeleka watoto kuona stesheni ya SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, pale Miritini, msiende moja kwa moja. Pandeni matatu ya Mombasa alfajiri, mshukie Bamburi, muingie Haller Park, hifadhi ya wanyama na miti, kabla jua halijakaza. Pale palikuwa machimbo matupu ya mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller akaanza kupanda mivinje, na udongo ukarudi polepole. Leo twiga wanakula mkononi mwa mtu. Lakini mimi hupenda kuinama: maua ya porini yako chini, pembeni mwa njia, madogo, na watoto huyaona upesi kuliko sisi. Baada ya masika ndiyo yanapendeza zaidi. Yapigeni picha, msiyachume.

Tokeni mapema, maana foleni ya daraja la Nyali haina huruma, na bado mna Makupa na Changamwe mbele.

Stesheni ilifunguliwa 2017. Simameni mbali kidogo kwanza, muone mnara ulivyozungukwa na paa za duara kama maji yaliyodondoshewa jiwe. Bila tiketi hamtafika kwenye treni yenyewe, waambieni watoto mapema wasije wakalia. Wangu walifurahia zaidi mbwa wa ulinzi wakinusa mabegi ya abiria!

Maji na viazi karai bebeni kutoka nyumbani. Na kabla ya kutoka Malindi, tazameni ratiba ya treni, mfike wakati abiria wamejaa.